Elimu ya Juu ya Dini: Kijana Aende Chuo Kipi?



Kila mwaka, matokeo ya mitihani yanapotoka, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Waislamu, tangu Lamu hata Mtwara, na tangu Unguja hata Kigoma. Kijana amekwisha pata shahada ya kwanza katika masomo ya Kiislamu, na sasa ataka kuendelea na elimu ya itikadi: ile ambayo vyuo vya Kiarabu huiita Usul-ud-Din, na vyuo vya Kizungu huiita teolojia. Baba huuliza, "Chuo kipi ndicho bora?" Mama huuliza, "Ni mbali kiasi gani, na gharama ataitoa nani?" Ama kijana mwenyewe, mara nyingi amekwisha sikia jina moja kubwa, na moyo wake umekwisha tua hapo.

Swali la baba ni la heri, lakini limeanzia mwisho. Hakuna chuo kilicho bora kwa kila mtu. Kuna chuo kimfaacho mtu huyu kwa kazi hii. Anayechagua jina la chuo kabla ya kuijua kazi yake ni mfano wa mtu anunuaye kanzu kabla ya kupimwa: huenda kitambaa kikawa kizuri mno, na kanzu isimkae.

Wala jambo hili si dogo. Shahada ya pili pamoja na udaktari yaweza kuchukua miaka mitano, sita, au zaidi ya umri wa ujana, na huchukua mali ambayo pengine baba aliikusanya kwa jasho. Tena anayesomea itikadi hasomei nafsi yake tu. Akirudi atakaa mbele ya watoto wa watu, na kuwafundisha namna ya kumjua Mola wao. Kosa la fundi huonekana ukuta unapopasuka. Kosa la mwalimu wa itikadi laweza kukaa miaka mingi ndani ya nyoyo za watu lisionekane. Basi na tuchague kwa utulivu.

Ijulikane kwanza elimu yenyewe

Vijana wengi huchanganya Sharia na Usul-ud-Din, wakadhani ni jina na lakabu yake. Sharia hushughulika na hukumu za matendo: ibada, ndoa, mirathi, biashara na ushahidi. Usul-ud-Din hushughulika na misingi ambayo juu yake hukumu hizo husimama. Na katika kulliya yake huko Azhar mna idara za tafsiri, za hadithi, za itikadi na falsafa, na za daawa.

Tofauti hii ina matokeo yake duniani. Kijana wa Mombasa anayetamani kuwa kadhi na ajue kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 170, yataka kadhi awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu. Kijana huyo akikaa miaka sita akisoma hoja za wanazuoni juu ya sifa za Mwenyezi Mungu na juu ya kadari, atarudi na elimu tukufu, lakini siyo ile aliyoikusudia. Mlango wake ulikuwa kulliya ya Sharia, hata kama ni katika chuo kile kile.

Sasa natuvitazame vyuo vyenyewe, kwa uadilifu, kila kimoja kwa sifa zake.

Al-Azhar, Cairo

Msikiti wa Azhar ulianza kujengwa mwaka 970, na sala ikaanza kusaliwa ndani yake mwaka 972. Waliouanzisha ni Mafatimi, waliokuwa Mashia. Na baada ya dola yao kuanguka mwaka 1171 ukawa, kwa kupita zama, ngome ya elimu ya Kisunni. Sheria ya mwaka 1930 iliyagawa masomo yake ya juu katika kulliya tatu: Usul-ud-Din, Sharia, na Lugha ya Kiarabu. Kisha Sheria namba 103 ya mwaka 1961 ikaongeza tiba, uhandisi na elimu nyinginezo, na ikafungua masomo ya chuo kwa wanawake.

Njia ya Azhar katika itikadi ni ile ya Imamu Al-Ash'ari na Imamu Al-Maturidi, na katika fikihi hufundisha madhehebu manne. Kwa mwanafunzi wa pwani yetu, ambako vyuo vya dini vimesomesha Jawharat-ut-Tawhid ya Al-Laqani kwa muda mrefu, hapa ni mahali ambapo atazikuta zile alizozisoma akiwa mdogo zikipanuliwa na kutolewa hoja. Lakini na ajue kuwa masomo yote ni kwa Kiarabu, na ni Kiarabu cha vitabu vya kale, chenye sharhi juu ya matini na hashia juu ya sharhi. Tena kwa desturi mwanafunzi wa shahada ya pili husoma masomo ya utangulizi na kufanya mitihani kwanza, ndipo aruhusiwe kuandikisha risala yake, na Qur'ani nayo huingia katika mitihani. Anayekwenda akidhani kuwa atamaliza haraka huchoka njiani.

Madina

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa kwa amri ya kifalme mwaka 1961, na tangu mwanzo kilikusudiwa kupokea wanafunzi wa nchi za nje, nao ndio wengi hata leo. Mwenye kukubaliwa hupewa masomo bure, makazi, posho na nauli. Hapana shaka hii ni neema kubwa kwa mtoto wa maskini, na ni wengi katika Afrika ya Mashariki ambao wasingepata chuo kikuu lau si mlango huu. Kuna chuo maalumu cha kuwafundisha Kiarabu wasiokijua, na jioni mwanafunzi aweza kuketi katika darsa za Msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie.

Njia yake katika itikadi ni ile ya Kisalafi. Husomeshwa Al-Aqida At-Tahawiyya kwa sharhi ya Ibn Abil-Izz, na Al-Wasitiyya ya Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328. Na ilmul-kalam ya Maash'ari husomwa kwa kukosolewa. Mzazi na kijana walijue hili kabla ya safari. Si haki kumpeleka mtoto mahali, kisha akirudi na yale aliyofundishwa huko tukamlaumu kana kwamba ameyaokota njiani. Chuo hiki kiliasisiwa kwa ajili ya wanafunzi wa kiume, kwa hivyo binti asiweke tumaini lake la kwanza hapo.

Malaysia

Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia kilianza mwaka 1983, na makao yake makuu yako Gombak, karibu na Kuala Lumpur. Hapa risala yaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiarabu, na wanaume na wanawake husoma wote. Elimu ya Usul-ud-Din imeunganishwa na ulinganishaji wa dini, na waasisi wake walitaka elimu za dini na elimu za jamii zikae chini ya paa moja. Katika chuo hiki Syed Muhammad Naquib al-Attas alianzisha mwaka 1987 taasisi ya fikra na ustaarabu wa Kiislamu, ambayo imewavuta wasomi wa falsafa na tasaufi.

Kijana aliyesoma shule za serikali, ambaye Kiingereza chake kina nguvu kuliko Kiarabu chake, hupata nafuu huko. Lakini nafuu hiyo ina bei yake. Aweza kupata udaktari katika itikadi huku akisoma vitabu vya maimamu kwa tafsiri za Kiingereza. Na siku atakapoulizwa ibara ya Al-Juwayni na mzee wa msikitini, atalazimika kunyamaza. Anayekwenda Gombak na ajiwekee sharti mwenyewe ya kuendelea na Kiarabu, hata kama chuo hakikumlazimisha.

Ulaya

Wako wanaoshangaa kusikia kuwa Mwislamu aweza kwenda Ulaya kusoma itikadi. Na wako wanaodhani kuwa cha Ulaya ndicho kikubwa kwa sababu ni cha Ulaya. Wote wawili wamekosea.

Katika vyuo vingi vya Uingereza, Uislamu husomwa kama historia na fikra za watu. Mwalimu hakuulizi unaamini nini. Hukuuliza ushahidi wako u wapi, hati hii iliandikwa lini, na nani aliinukuu kwa nani. W. Montgomery Watt wa Edinburgh alitoa mwaka 1948 kitabu juu ya hiari na kadari katika Uislamu wa mwanzo. Josef van Ess wa Tübingen, Ujerumani, alitoa kati ya miaka 1991 na 1997 juzuu sita juu ya itikadi na jamii katika karne ya pili na ya tatu ya Hijra, na hakuna mwanafunzi makini wa historia ya ilmul-kalam awezaye kuzipita. Hawa hawakuwa Waislamu, lakini walifanya kazi ambayo nasi twaihitaji.

Ujerumani imekwenda hatua nyingine. Baada ya ushauri wa Baraza lake la Sayansi mwaka 2010, vilifunguliwa vituo vya teolojia ya Kiislamu katika vyuo vikuu vya serikali, kama vile Tübingen, Münster, Osnabrück, Frankfurt na Erlangen, na huko Waislamu hufundisha dini yao kama Wakristo wafundishavyo yao. Lugha ya masomo kwa sehemu kubwa ni Kijerumani, kwa hiyo mtu ahesabu muda wa kuisoma lugha hiyo kabla ya kuhesabu muda wa shahada.

Ipo pia faida inayotuhusu sisi wenyewe. Chuo cha SOAS cha London, kilichoanzishwa mwaka 1916, kina hazina ya hati za kale za Kiswahili. Na hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha kwa msaada wa mradi wa British Library. Kijana anayetaka kujua wanazuoni wetu walifundisha nini juu ya tauhidi karne mbili zilizopita atapata huko maktaba na walimu wa kumwonyesha namna ya kuzisoma hati. Ila ada kwa mgeni ni nzito sana, na pasipo msaada wa masomo mzazi wa kawaida asijaribu.

Vya karibu

Tusidharau vilivyo karibu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, na kina tawi la wanawake Kabojja, Kampala. Mwalimu mwenye mke na watoto na kazi aweza kusoma huko pasipo kuvunja nyumba yake.

Na amani ya nchi iingizwe katika hesabu. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichopo Khartoum, kilichotokana na kituo cha Kiislamu cha mwaka 1977, kimewasomesha vijana wengi wa kwetu. Vita vilivyozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 viliwatawanya wanafunzi katikati ya masomo, na wageni wakalazimika kurudishwa makwao. Hilo halikuwa kosa la chuo, lakini ni funzo: mwanafunzi na aweke nakala ya vyeti vyake, matokeo yake na sura za risala yake mahali pengine, mbali na chumba chake, tangu mwaka wa kwanza.

Vijana watatu

Tupige mfano ili maneno yapate mwili. Wako vijana watatu, wote wana shahada ya kwanza, wote wataka elimu ya itikadi.

Wa kwanza amehifadhi Qur'ani, Kiarabu chake ni imara, na mji wake wamngoja aje kusimamia chuo cha dini chenye wanafunzi mia. Watu wake ni Mashafi na Maash'ari. Kwa huyu Cairo ndiyo iliyo karibu na kazi yake. Akienda kwingine atajifunza mengi, lakini atarudi akiwa na kazi mbili: kufundisha, na kwanza kupatana na wale atakaowafundisha.

Wa pili ni binti, amesoma kwa Kiingereza, na ataka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu hapa nyumbani. Kwake Gombak na Kampala ziko wazi, na Azhar vilevile katika masomo ya wanawake kama Kiarabu chake chatosha. Wazazi wake wasiseme kwamba elimu hii ni ya wanaume. Nusu ya wanaouliza maswali ya dini majumbani ni wanawake, na mengi ya maswali hayo hawawezi kumwuliza mwanamume.

Wa tatu anapenda hati za kale, na ataka kuandika historia ya wanazuoni wa pwani. Huyu ndiye London yamfaa, baada ya kwanza kusoma vitabu vyenyewe kwa masheikh wanaovijua. Kwani atamhukumuje mwandishi wa hati, na yeye mwenyewe hajui mwandishi yule alisomeshwa nini?

Mpangilio ni nusu ya jambo

Neno hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote tuliyosema. Mara nyingi swali kubwa ni lipi litangulie, kuliko lipi lichaguliwe. Mfano mzuri ni Sheikh Abdul-Halim Mahmud, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia mwaka 1973 hadi alipofariki mwaka 1978. Alipata kwanza shahada ya Azhar ya ualimu wa dini, ndipo akaenda Ufaransa, akaandika risala yake ya udaktari katika Sorbonne juu ya Al-Harith Al-Muhasibi. Alikwenda Paris akiwa na mizizi, na upepo wa Paris haukumng'oa, ulimwongezea matawi.

Nasi tunao wetu. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyeishi kati ya miaka 1861 na 1925, alisafiri mpaka Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka akiwatafuta wanazuoni, na akarudi Unguja kuwa kadhi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alisoma dini kwa masheikh wa Unguja. Akatoa tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969, na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mmoja alisafiri sana, mwingine alichota nyumbani. Wote wawili walimjua mwalimu wao kabla ya kulijua jina la chuo.

Kwa hivyo kijana asipeleke maombi kabla hajaweza kumtaja mwalimu anayetaka kusoma kwake, na kitabu kimoja au makala ambayo mwalimu yule ameandika. Chuo kikubwa chenye mwalimu asiyeijua mada yako ni nyumba kubwa isiyo na mwenyeji. Mwandikie barua ya adabu, mweleze swali lako, na utazame jibu lake. Mwalimu asiyejibu barua leo hatasoma risala yako kesho.

Pamoja na hayo, baba na kijana wakae pamoja usiku mmoja, na kalamu na karatasi, waandike majibu ya maswali haya. Lugha ya masomo anaijua kiasi gani, na itamchukua muda gani kuitimiza? Shahada ile itakubaliwa hapa kwetu? Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo hutathmini vyeti vya nje, na ni bora kuuliza kabla ya kupanda ndege kuliko baada ya kurudi. Msaada wa masomo unalipa nini, na nini hauukulipa: nauli, kitabu, matibabu, mke? Na ikiwa msaada utakatika katikati, fedha za kumrudisha ziko wapi? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona haya ya kuuliza.

Swali la mwisho waliandike kwa herufi kubwa: atakaporudi, atamtumikia nani? Katika Sura ya At-Tawba Mwenyezi Mungu ametaja kundi litokalo kwenda kujifunza dini, na hakuishia kwenye kutoka kwao. Ametaja na kurudi kwao, wapate kuwaonya watu wao. Safari ya elimu basi huhesabiwa kwa njia mbili, ya kwenda na ya kurejea. Twaona leo misikiti ambayo wahitimu wa vyuo viwili hawapeani mkono, kila mmoja akimhesabu mwenziwe kuwa amepotea, na watoto wa mtaa wamekosa wa kuwafundisha Suratul-Fatiha sawasawa. Vyuo vile viwili havikuwatuma kufanya hivyo. Waliondoka nyumbani pasipo kuulizwa wanakwenda kwa ajili ya nani.

Mzazi, muulize mwanao swali hilo kabla hujamtafutia nauli. Nawe kijana, usiridhike na jibu la haraka. Ukilipata, orodha ya vyuo itajipunguza yenyewe, na kilichobaki mkononi mwako ndicho chako.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awarudishe kwetu salama wakiwa na adabu yake. Amin.